Gari la umeme halikuletwa Oslo na matangazo

Nikipiga simu nyumbani Nairobi siku hizi, hakosi mtu wa kuniuliza kama ni kweli huku Norway watu wameacha petroli. Kwa magari mapya, karibu wameiacha. Mwaka 2024, magari mapya tisa hivi katika kila kumi yaliyouzwa hapa yalikuwa ya umeme mtupu. Simama kando ya barabara Oslo asubuhi, utasikia matairi yakisugua lami na basi. Ule moshi wa dizeli unaokukaba koo pale Muthurwa haupo. Halafu huja swali la pili: kumbe kampuni za magari zimeamua kuokoa mazingira?

Hapana, na nataka hili lieleweke huko nyumbani kabla matangazo ya kampuni hizo hayajatufikia kwa wingi.

Mwaka 1989 wanaharakati wa shirika la mazingira la Bellona pamoja na mwanamuziki Morten Harket walikuwa wakipita hapa na Fiat Panda ndogo iliyogeuzwa kuwa ya umeme, na kila wakifika penye ada ya barabara wanakataa kulipa. Gari likakamatwa, likapigwa mnada, wakalinunua tena na kurudi nalo barabarani. Ushuru wa kununua gari la umeme uliondolewa 1990, ada ya barabara 1997, na VAT 2001. Gari la petroli nalo likaendelea kubebeshwa kodi nzito. Mnorwe wa kawaida alipiga hesabu akaona la umeme linamfaa mfukoni. Ni serikali iliyobana upande mmoja na kulegeza upande wa pili, miaka nenda miaka rudi, hata vyama vilipobadilishana madaraka.

Na wakati huo kampuni kubwa zilikuwa zikifanya nini? Volkswagen ilikuwa ikiwauzia Wamarekani dizeli kwa jina la dizeli safi. Septemba 2015 ukweli ukatoka: ndani ya magari hayo mlikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, ikapunguza sumu ya moshi, kisha gari likirudi barabarani inaiachilia. Magari yaliyoguswa yalikuwa milioni 11 hivi duniani kote. Kuna wazazi walionunua gari hilo wakiamini wanayalinda mapafu ya watoto wao. Mimi hilo siwezi kulisahau, na kila nikiona tangazo lenye msitu, mto na gari jipya linalong'aa katikati, ndilo linalonijia kwanza.

Norway ilishtuka mapema. Tangu 2007, mamlaka ya kuwatetea watumiaji ilizikataza kampuni kuliita gari "la kijani" au "safi", kwa hoja kwamba gari haliyafanyii mazingira wema wowote. Kinachowezekana ni kuyaharibu kidogo kuliko jingine. Mwaka 2020 Toyota ilizuiwa kusema kwamba haibridi zake, yaani magari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, zinajichaji zenyewe, maana umeme ule chanzo chake ni petroli unayonunua. Nairobi haibridi za mtumba zimejaa, na wauzaji wanayasema maneno hayo hayo mchana kweupe. Sijasikia aliyewauliza.

Lakini msidhani naisifu Norway mpaka mwisho. Nchi hii inachimba mafuta na gesi na kuwauzia wengine wachome. Kobalti, madini yaliyo ndani ya betri nyingi, inatoka Kongo, ambako huchimbwa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani, na pale Kolwezi kuna vijana wanaoingia mashimoni na sururu bila kofia ngumu wala buti. Msitu wa kwenye tangazo hauwaonyeshi wao. Zipo betri zisizotumia kobalti, na zinaongezeka. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa ni ipi anayoinunua.

Sasa, nyumbani. Watu wetu wengi hawajui kwamba stima ya Kenya ni safi kuliko ya Ujerumani, nchi inayoyatengeneza magari hayo na bado inachoma makaa ya mawe. Kwetu karibu sehemu tisa kwa kumi zinatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Kwa hiyo pikipiki ya umeme Nairobi ina maana halisi. Nilipokuja likizo nilisimama kituoni kumtazama kijana wa boda akibadilisha betri: akainua kiti, akachomoa betri kwa mikono miwili, akaisukuma kwenye kabati, akavuta nyingine iliyojaa, akafunga kiti na kupiga simu kwa mteja wake huku keshaondoka. Huku kwetu Oslo, Januari, mimi nafuta theluji kwenye tundu la chaja na bado baridi imeila betri. Yule kijana hakunitajia mazingira hata mara moja. Aliniambia kinachobaki jioni akishatoa gharama, na kwamba kinachomtia hofu ni stima kupotea. Ana haki ya kuhofu: Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo.

Upande wa magari ndiko ninakoona hatari. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao pale pale Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti 2020: kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje duniani, na asilimia 40 hivi yakaja Afrika. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na hiyo ni sheria nzuri. Lakini Uingereza na Japani, wanaoendesha upande mmoja nasi, watakapoingia kwenye umeme, petroli zao zitatafuta bandari, na Mombasa iko wazi. Kampuni zitahesabu moshi uliopungua Ulaya na kuutangaza. Moshi uliohamia Changamwe, pale Mombasa, hautakuwamo kwenye hesabu hiyo.

Ninachowaomba wabunge wetu ni mambo mawili: moshi wa kila gari la mtumba upimwe likishuka Mombasa, na anayeliita gari lake safi alazimishwe kuthibitisha kabla tangazo halijaenda hewani.