Meneja mkuu apimwe kwa bei aliyolipa au kwa kombe lililofuata?

Tarehe 12 Mei 2019, katika ligi ya mpira wa kikapu ya NBA, mchezo wa saba na wa kuamua kati ya Toronto Raptors na Philadelphia 76ers ukiwa sare ya pointi 90, Kawhi Leonard alirusha mpira kutoka kona ya kulia huku Joel Embiid akimnyooshea mkono usoni, kengele ikalia mpira ukiwa hewani, nao ukadunda mara nne juu ya ringi kabla ya kutumbukia. Mwezi uliofuata Toronto ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa NBA. Tangu hapo, biashara ya kubadilishana wachezaji ya Julai 2018, ambayo rais wa timu Masai Ujiri na meneja mkuu wake Bobby Webster walimtoa DeMar DeRozan, Jakob Poeltl na nafasi moja ya raundi ya kwanza ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambalo timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, ili kuwapata Leonard na Danny Green, imekuwa ikitajwa kama mfano wa ujasiri uliolipa. Je, mpira ule ungedunda mara ya tano na kuangukia nje, biashara hiyo hiyo ingegeuka kuwa mbaya?

Wapo wanaojibu ndiyo bila kusita, na hoja yao isipuuzwe. Meneja mkuu haajiriwi ili awe na maelezo mazuri. Anaajiriwa ajenge timu inayoshinda. Zaidi ya hapo, sisi tulio nje hatuoni ripoti za madaktari, hatuhudhurii mazoezi, wala hatusikii wanayozungumza mawakala. Biashara inayotushangaza siku inapotangazwa yaweza kuwa imesimama juu ya jambo ambalo meneja analijua nasi hatulijui, na hatuna namna ya kulibaini ila kusubiri. Leonard alikuwa amecheza michezo tisa tu msimu wa 2017-18 kwa sababu ya jeraha la paja. Kwa kumchukua, Toronto ilikuwa inadai kwamba imeipima hatari hiyo na kuiona inabebeka, na msimu uliofuata ulithibitisha dai hilo. Katika mambo ya aina hii matokeo ni ushahidi halali, kwa kuwa yanafichua ubora wa taarifa ambazo meneja alikuwa nazo.

Wengine wanashikilia kwamba uamuzi upimwe kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa, maana majeraha, bahati nasibu inayopanga zamu za drafti na mpira unaodunda juu ya ringi havimo mikononi mwa yeyote. Upande huu ndio ninaouegemea, na Toronto yenyewe inaonyesha kwa nini. Timu ilikuwa imeshinda michezo 59 katika msimu wa kawaida, kisha ikafungwa 4-0 na Cleveland, na ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo kutolewa na LeBron James, nyota wa Cleveland. Mwanzoni mwa Julai 2018 James alitangaza kuhamia Los Angeles, iliyo kanda ya Magharibi, hivyo njia ya kufika fainali kwa timu za kanda ya Mashariki ikawa wazi kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. Mkataba wa Leonard ulibakiza msimu mmoja wa uhakika, na kila mtu alijua kwamba angeweza kuondoka baadaye, kama alivyofanya. Bei kubwa ilikuwa machungu ya kumtoa DeRozan aliyeichezea timu kwa misimu tisa, na machungu hayo si madogo. Lakini kwa hesabu ya uwanjani, kikosi kilikuwa kimefika ukomo wake na dirisha lilikuwa limefunguka. Biashara ilikuwa nzuri Julai 2018, na ingebaki nzuri hata kama Philadelphia ingeshinda katika muda wa nyongeza.

Mfano wa kinyume ni Brooklyn Nets mwaka 2013. Walimchukua Kevin Garnett mwenye umri wa miaka 37, Paul Pierce mwenye miaka 35 na Jason Terry kutoka Boston, wakatoa nafasi zao za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018 pamoja na haki ya Boston kubadilishana nafasi nao mwaka 2017, zote bila kinga yoyote, yaani Boston ingezichukua hata kama Brooklyn ingefanya vibaya na nafasi hizo zikawa za juu kabisa. Nafasi ya 2016 ilimleta Jaylen Brown, na ile ya 2017 ikawa njia ya kumpata Jayson Tatum. Wawili hao ndio walioiongoza Boston kuchukua ubingwa wa 2024. Ni kweli kwamba hakuna aliyeweza kuyatabiri majina hayo. Hata hivyo, umri wa Garnett na Pierce ulikuwa umeandikwa wazi, na kuzitoa nafasi za miaka ambayo wachezaji hao wangekuwa wamestaafu, bila kujilinda endapo timu ingeporomoka, lilikuwa kosa linaloonekana siku ile ile. Lawama nyingi zilimwangukia meneja mkuu Billy King, ingawa mwenye timu, Mikhail Prokhorov, alikuwa ameahidi ubingwa ndani ya miaka mitano tangu anunue timu mwaka 2010.

Kuegemea upande wa pili kuna hatari yake, nayo ni kuwapa mameneja mahali pa kujificha. Kila aliyeshindwa atasema mpango ulikuwa mzuri ila bahati ilikuwa mbaya. Tiba yake ni kuuliza alikuwa na njia gani nyingine, na nani alikuwa na haraka. Oktoba 2012 Sam Presti, meneja mkuu wa Oklahoma City, alimuuza James Harden kwa Houston baada ya kushindwa kuelewana juu ya mkataba mpya, miezi minne tu tangu timu icheze fainali. Watetezi wake hutaja soko dogo na kodi inayotozwa timu ikilipa mishahara kupita kiwango, na mzigo huo ulikuwa wa kweli. Lakini Harden alikuwa bado na msimu mzima wa mkataba, na hata ungekwisha, timu ingekuwa na haki ya kulingana na dau lolote na kumbakiza. Kusubiri kuliwezekana. Mwaka 2019 Presti huyo huyo alimuuza Paul George kwa Los Angeles Clippers, safari hii akijua kwamba bila George Clippers wangemkosa Leonard, aliyetaka kucheza naye. Akapata Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, nafasi tano za raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi; moja ya nafasi hizo ilimleta Jalen Williams, na Oklahoma City ikatwaa ubingwa wa 2025. Mara ya kwanza muuzaji ndiye aliyejibana kwa tarehe. Mara ya pili mnunuzi ndiye aliyekuwa amebanwa.

Kwa kipimo hicho, biashara ya Dallas ya Februari 2025 haihitaji kusubiri miaka mitano ili ihukumiwe. Meneja mkuu wa timu hiyo, Nico Harrison, alimtoa kwa Los Angeles Lakers Luka Dončić, mwenye umri wa miaka 25 na aliyekuwa amechaguliwa mara tano mfululizo katika kikosi bora cha kwanza cha msimu wa NBA, akapokea Anthony Davis mwenye miaka 31, Max Christie na nafasi moja ya raundi ya kwanza ya mwaka 2029. Hoja yake kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa, na wasiwasi wa kumfunga Dončić kwa mkataba mkubwa kuliko yote wakati mwili wake unatia shaka, ni mambo ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyajadili. Kisichoweza kutetewa ni namna alivyouza: kwa siri, akizungumza na Lakers peke yao, bila timu nyingine kujua kwamba mchezaji wa kiwango hicho anapatikana. Muuzaji asiye na haraka alijinyima ushindani kwa hiari yake, na bei ikawa ya mnunuzi mmoja.

Yaliyofuata yanaweza kusomwa vyovyote. Davis aliumia katika mchezo wake wa kwanza, Kyrie Irving akakatika kano ya goti mwezi uliofuata, Lakers nao wakatolewa raundi ya kwanza, na Dallas ikashinda bahati nasibu ya drafti kwa uwezekano wa asilimia 1.8 na kumpata chipukizi Cooper Flagg kwa nafasi ya kwanza. Majeraha hayo yasimwongezee Harrison hatia, na Flagg asimpunguzie. Haki inataka pia tukumbuke kwamba ndiye aliyemleta Irving mwaka 2023, kisha P.J. Washington na Daniel Gafford mwaka 2024, na kikosi hicho kikafika fainali.

Alifukuzwa Novemba 2025, Dallas ikiwa na ushindi mara tatu na vipigo vinane, huku Davis na Irving wakiwa nje kwa majeraha. Naona kufukuzwa kulistahili, ila ushahidi uliotumika haukuwa huo wa jedwali la Novemba. Ulikuwapo wote tangu usiku wa biashara. Na biashara ya ukubwa ule haipiti bila idhini ya mwenye timu. Patrick Dumont aliiidhinisha Februari, na ndiye aliyemfuta kazi meneja wake miezi tisa baadaye, kwa hiyo hesabu ya uamuzi ule haifungwi kwa jina la Harrison peke yake.