Mke ana virusi, mume hana: mwili nao una sauti yake

Mwanamke wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, akipimwa na kukutwa na virusi vya SIDA, kisha mume wake akakutwa hana, hukumu hutoka siku hiyohiyo: mama alitembea. Ikiwa ni kinyume chake, baba anavyo na mama hana, watu husema damu ya mama ni kali. Nimezisikia kauli hizi Lubumbashi sokoni na hata kanisani, na zote mbili zinatoka kwenye wazo moja, kwamba virusi vikishafika kitandani lazima viingie.

Havilazimiki. Makadirio yanayotumiwa sana na watafiti yanasema mwanamke asiye na virusi, akilala bila kondomu na mwanamume mwenye virusi asiyetumia dawa, huambukizwa kama mara 8 katika matendo 10,000. Mwanamume anayelala na mwanamke mwenye virusi, kama mara 4. Namba hii wengi huipita haraka, wengine kwa kuogopa kwamba ikitajwa watu watalegea. Mimi naona ndiyo ya kukaa nayo. Mke na mume wanaokutana mara mbili kwa wiki hufikisha matendo 100 hivi kwa mwaka. Basi kati ya wanawake 100 walio katika ndoa za namna hiyo, karibu 8 wataambukizwa kabla mwaka haujaisha, na 92 watakuwa bado salama, bila damu kali na bila muujiza wowote. Mwaka wa pili hesabu inaanza tena kwa waliobaki. Na wale 8, kila mmoja aliambukizwa katika tendo moja tu, pengine na mwanamume pekee aliyewahi kumjua. Hata ndani ya tendo hilo njia ni nyembamba: utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa karibu robo tatu ya walioambukizwa kwa ngono, ugonjwa wote ulianzia kwa kirusi kimoja kilichofanikiwa kupenya.

Sasa, 8 katika 10,000 ni wastani, na wastani unaficha watu. Mwanamume aliyeambukizwa majuma machache yaliyopita ana virusi vingi mno katika damu na shahawa, wakati kipimo cha haraka kinaweza kuwa bado hakioni kitu. Kwa upande wa anayepokea kuna jambo ambalo halizungumzwi: hali ya kinga yake mahali pale virusi vinapogusa.

Virusi vya SIDA huishi kwa kuingia katika chembe za kinga zenyewe, zile zinazoitwa CD4, na hasa zikiwa macho zimejiandaa kupigana. Ukeni penye afya, chembe hizo ni chache na zimetulia. Pakiwa na ugonjwa wa zinaa, kidonda, au bakteria waliovurugika, mwili hutuma wito na askari hukusanyika mlangoni. Adui huyu anawatafuta haohao. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walitangaza kwamba wanawake waliokuwa na dalili za kikemikali za uvimbe wa ndani ukeni walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya kuambukizwa. Mwaka 2017, utafiti wa wasichana wa Umlazi, karibu na Durban, ulionyesha kwamba wale waliopungukiwa na bakteria walinzi, wakajaa aina nyingine nyingi, hatari yao ilizidi mara nne. Wengi wenye hali kama hizi hawaumwi, hawawashwi, hawana lolote la kumweleza muuguzi.

Mchukue basi mke wa dereva wa kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambaye mume wake alimletea malengelenge ya sehemu za siri mwaka wa pili wa ndoa. Hajatoka nyumbani kwake. Mwili wake tu umekaa katika tahadhari asiyoijua, na kirusi ambacho jirani yake angekikwepa, yeye hakukikwepa. Kumhesabia wanaume ni kumdhulumu.

Wapo wanaopinga mazungumzo haya yasifike kwa watu, na hawasemi ovyo. Wauguzi na wahamasishaji wanaogopa kwamba mtu akisikia habari za kinga atajisemea, mimi nimelala naye miaka mitatu, silipati. Wanakumbusha wanawake wa Pumwani, Nairobi, waliofuatiliwa tangu mwaka 1985 katika kazi ya kuuza ngono: baadhi yao hawakuambukizwa kwa miaka, chembe zao zikiwa zimetulia kuliko kawaida, lakini wapo walioambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepunguza kazi hiyo. Kinga ile haikuwa ya kutegemea.

Wanayo hoja nzito zaidi: kwamba kutibu magonjwa ya zinaa si kila mara kunazuia virusi. Kule Mwanza, mwaka 1995, kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya kwa karibu asilimia 40. Rakai, Uganda, walipowatibu watu kwa wingi, matokeo ya mwaka 1999 hayakuonyesha faida hiyo. Dawa ya malengelenge nayo ilijaribiwa, ikashindwa kuzuia virusi vya SIDA. Lakini hapo kwenye malengelenge nasita kukubali kwamba nadharia ilianguka. Mwaka 2009 watafiti waliochukua vipande vidogo vya ngozi walikuta kidonda kimepona, mgonjwa anameza dawa kila siku, na zile chembe za CD4 bado zimejazana pale baada ya majuma mengi. Dawa ilifunga kidonda, askari hawakuondoka. Kushindwa huko kunaeleza ukubwa wa tatizo.

Silaha ya kwanza ni dawa za ARV, sina ubishi. Jaribio la mwaka 2011 lilionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, maambukizi kwa mwenzi wake hupungua kwa asilimia 96. Na virusi vikishuka hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kabisa. Dawa hiyo inamlinda mke bila kujali ukeni kwake kukoje. Sharti lake ni kwamba mume apime, akubali, aendelee. Baba anayekaa machimboni miezi mitatu bila kutaka kusikia habari za kipimo anamwacha mama na mwili wake peke yake.

Kwa huyo mama vituo vyetu vinafanya kidogo mno. Tiba ya magonjwa ya zinaa hufuata malalamiko: ukisema unawashwa, unapewa vidonge, ukinyamaza, unarudi nyumbani. Asiye na virusi mwenye mwenzi anavyo, au mwenye mume asiyetaka kupima, anastahili kupewa dawa za kinga, zile anazotumia asiye na virusi ili asiambukizwe, na kupimwa magonjwa ya zinaa hata kama halalamiki. Aambiwe pia waziwazi aache kujiosha ndani kwa sabuni na kuweka majani au poda za kukausha, maana vinachubua utando na kuvuruga bakteria wanaomlinda. Maneno hayo ni ya dakika tano, na muuguzi anaweza kuyasema leo, hata siku ambayo labo haina vipimo.