Mlima Utaibwa na Nani?

Fundi alikuja Jumamosi kupima nyumba, akazunguka akiandika kwenye kiganja cha mkono: kamera ya geti, ya mlango wa jikoni, ya pale gari hulala. Hadi hapo tunaelewana. Nikamwambia ya nne naitaka juu kabisa, iangalie milima ya Ngong. Akaniangalia, akaangalia milima, akaniangalia tena.

"Bosi, kwani mlima utaibwa na nani?"

Mama watoto alicheka hadi akaketi kwa ngazi. Kufikia jioni dada yake alikuwa ashaambiwa, na kwa grupu ya familia nikawa naitwa soja wa mlima.

Haya chekeni. Lakini wewe mwenye kamera kwako, mara ya mwisho ulifungua app ukaangalia geti ilikuwa lini? Si ile wiki ya kwanza, hiyo kila mtu huangalia, hata wageni unawalazimisha waone. Baada ya hapo. Geti ni geti bana, nani ako na nguvu ya kukodolea macho geti limefungwa?

Kuna mzee jirani yetu hapa Dagoretti ako na kamera sita, SITA, na kibao kwa ukuta kinasema unarekodiwa. Mwaka jana waliingia usiku wakabeba mtungi wa gesi, baiskeli ya mjukuu na hadi viatu vya shamba vilivyokuwa vinakaushwa. Asubuhi tukajaa sebuleni kwake kama watu wamekuja kuona mpira, mzee akapanguza vumbi kwenye mashine ya kurekodi na kona ya sweta, akatafuta, akatafuta, na kitu cha mwisho kilichorekodiwa kilikuwa cha miezi minane nyuma. Kuku anapita uani. Diski ilikufa kitambo, mashine ikaendelea tu kuwasha taa zake za kijani, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuangalia.

Sasa mimi najijua. Ngong nitaiangalia kila siku. Saa ya lunch nitairudisha nyuma hadi saa kumi na mbili asubuhi, nione ukungu ukitoka na vile vilele vinne vikijitokeza kimoja kimoja kama vifundo vya ngumi. Siku rekodi ya mlima haipo, siku hiyo hiyo najua diski imeenda, au waya umeliwa na panya, na fundi anapigiwa simu kabla mwizi hajajua. Kwa hiyo kati ya hizo nne, ya ulinzi hasa ni hiyo mnayocheka.

Eti itajaza diski. Nilipiga hesabu: kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21 hivi kwa siku, zote nne kwenye diski ya TB 1 ni siku kumi na moja. Ya mlima naishusha irekodi picha chache tu kwa sekunde, mawingu hayana haraka.

Stima ikipotea? UPS, ile betri ya akiba, na router iwe juu yake pia.

Sawa, fundi alinishinda mahali pamoja. Nilikuwa nimeshanunua kamera Luthuli, ule mtaa wa elektroniki Nairobi, zote lenzi ya milimita 2.8, na hiyo inaona upana mkubwa, ni nzuri kwa geti, lakini tulipoijaribu juu ya paa Ngong ikawa kamstari kadogo chini ya anga kubwa tupu. Inataka ile ya kuvuta, 2.8 hadi 12. Alisema hivyo akitabasamu, sikufurahi. Pia Desemba jua hutua upande wa huko na jioni picha itakuwa nyeusi, lakini mimi ni mtu wa asubuhi. Na kamba za nguo za majirani nitazifunika kwa kile kiboksi cheusi cha kwenye settings, kuna sheria ya data tangu 2019 na mimi sitaki kesi juu ya shuka za mtu.

Anarudi Alhamisi na bomba la mita tatu la kuinulia hiyo kamera. Nimemwambia alete la mita nne, kwa sababu huko mbele yetu kuna ghorofa inapanda, wiki hii wamemwaga slabu ya tatu, na kifundo cha kwanza kushoto nimeanza kukiona nusu.