Anzeni na vumbi, mashine baadaye

Hoja ya kupima kemikali za kuzuia moto zenye bromini kwenye chakula ikizuka, watu hukimbilia kuuliza bei ya mashine. Kwangu kazi inaanzia kwenye kiini cha yai la kuku anayechakura jirani na dampo linapochomwa nyaya, hapa Mbeya.

Saga gramu 5 za kiini na salfeti ya sodiamu kavu mpaka ziwe kama unga. Tia standadi, yaani kemikali ya kulinganishia ya kiasi unachokijua, sasa hivi, kabla ya kukamua. Ukiitia mwishoni haitakuonyesha kilichopotea njiani. Kamua kwa Soxhlet, chombo cha kioo kinachopitisha kiyeyushi tena na tena, usiku kucha, heksani na dikloromethani nusu kwa nusu, kisha unguza mafuta kwa silika yenye asidi ya salfuriki.

Kwenye kupunguza hicho kiyeyushi kwa kukivukisha ndipo wengi tunapoumia. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari, heksani haingoji nyuzi 69 ndipo ichemke. Vakyumu iliyopangwa kwa vipimo vya Dar es Salaam itaichemsha ghafla hadi irukie kwenye kipozeo, na ikikauka kabisa BDE-28, moja ya kemikali nyepesi za kundi la BDE tunazozitafuta, inaondoka nayo. Bakiza matone machache.

Sasa mashine. Kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali kwa kuzipitisha zikiwa mvuke kwenye mrija mwembamba uitwao kolamu, ikiwa na kipimo cha ioni hasi ni kali sana, ila inachohesabu ni bromini tu, tungamo 79 na 81. Standadi zilizotengenezwa kwa kaboni-13, kaboni nzito, hapo hazitofautiki na sampuli, kwa hiyo wengi hutumia BDE-77. Spektrometa ya hatua mbili, inayopima tungamo mara mbili, huitambua molekuli yenyewe na hukubali kaboni-13. Kwa uchunguzi wa awali wa mayai na maziwa ya nyanda za juu kusini ya kwanza inatosha. Yatakayotia shaka yapelekwe kwenye ya pili. Mashine ya upambanuzi wa juu ni nzuri, lakini kwa umeme wetu huu!

BDE-209 ina vituko vyake: huvunjika kwenye kolamu ndefu yenye joto. Tumia ya mita 15, filamu ya mikromita 0.1, na chupa za kahawia kwa sababu ya mwanga. HBCD, kizuia moto kingine chenye bromini, usiipeleke kwenye kromatografia ya gesi kabisa. Ikipita nyuzi 160 maumbo yake ya alfa, beta na gama hugeukiana. Hiyo ni ya kromatografia ya kimiminika.

Mapendekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2014 yalitaka kipimo kifikie nanogramu 0.01 kwa gramu. Kwa kiwango hicho vumbi la kompyuta na mapazia linatosha kukudanganya, hivyo kila kundi la sampuli liende na sampuli tupu, isiyo na chakula ila inayopita hatua zilezile, na majibu yake yaandikwe kwenye ripoti. Kile kiti cha sponji kilichoko chumba cha kukamulia kitoke leo.