Damu ya Miaka 57 Si Hedhi Iliyorudi

Juzi mama mdogo kanipigia simu kutoka Mwaloni, pale Kirumba. Nyuma yake watu wanagombania bei ya dagaa, yeye ananong'ona: "Mwanangu, nimerudi usichana." Ana miaka 57. Hedhi ilikoma akiwa na 51. Damu ilikuwa na siku ya 9, na wenzake wa mezani wanamtania atafute mchumba.

Kumbe alishapita zahanati. Siitaji jina. Hakumaliza hata kukaa vizuri kwenye kiti, akaambiwa, "Mama, hizo ni homoni." Akaandikiwa vidonge vya kukata damu, na vya UTI juu yake, maana Mwanza hii kutoka chumba cha daktari bila UTI ni kama kutoka Mwaloni bila harufu ya samaki. Hakuulizwa hedhi ilikoma lini. Hakuangaliwa popote.

Homoni! Neno limekuwa gunia, kila damu inatumbukizwa humo.

Mwanamke akishamaliza miezi 12 bila hedhi, tone lolote linalokuja baadaye, hata la kuchafua kanga tu, si hedhi. Linatafutwa lilikotoka. Wengi hukutwa ukuta wa kizazi au wa uke umekuwa mwembamba na mkavu, basi, wanarudi kwenye dagaa zao. Ila takriban mmoja kati ya 10 hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi, na hiyo ni katika saratani chache zinazobisha hodi mapema. Sasa wewe unampa mtu vidonge vya kukata damu. Umemfukuza aliyekuwa anabisha, hujafungua hata dirisha kuona ni nani.

Kufungua penyewe si uchawi. Anaulizwa maswali. Mlango wa kizazi unaangaliwa kwa macho, kwa sababu saratani ya hapo nayo hutoa damu, hasa baada ya tendo la ndoa, na huku kwetu kichocho cha mkojo nacho huacha vidonda palepale. Ultrasaundi inapima unene wa ukuta wa ndani. Kwa aliyekoma hedhi, ukizidi milimita 4 kinachukuliwa kinyama kidogo kikapimwe maabara. Ukuta wa mama mdogo ulisoma 11.

Haya, nakubali, homoni zipo. Binti aliyevunja ungo mwaka jana, mama wa miaka 47 ambaye siku zake zinarukaruka, hao mara nyingi yai halitoki kwa mpangilio. Lakini mwaka 2011 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, lilipanga vyanzo vya damu isiyo ya kawaida kwa wanawake wa umri wa kuzaa katika makundi 9, na tatizo la yai ni kundi moja tu. Na kwa yeyote ambaye bado anaweza kushika mimba, mimba ndiyo ya kwanza kuulizwa. Iliyotunga nje ya kizazi inaua, na kipimo cha mkojo kimejaa kila duka la dawa.

Na msidhani ultrasaundi peke yake inatosha. Mimi mwenyewe miaka michache nyuma nilitoka damu ya matone wiki tatu. Wakapiga picha, wakaona uvimbe wa sentimita 2 upande wa nje wa kizazi, wakaanza kunihesabia gharama za upasuaji. Uvimbe wa nje, mdogo vile, kwa kawaida hautoi mtu damu. Nilikuwa na miezi 4 tangu nianze sindano ya uzazi wa mpango, ambayo mwanzoni huleta matone hayohayo, na hakuna aliyeniuliza natumia nini. Swali la bure kabisa.

Kuna binti nilisoma naye bweni, kila mwezi godoro linaanikwa. Aling'olewa jino, damu ikatoka siku mbili. Ndipo ikajulikana damu yake haigandi inavyotakiwa. Miaka yote hiyo matroni alisema ni ukoo wao. Ukoo ndiyo, ila si kwa maana aliyokuwa nayo matroni.

Foleni ni ndefu, najua, na mhudumu ni mmoja. Swali la "hedhi ilikoma lini" linachukua sekunde ngapi?

Kinyama cha mama mdogo kimeshachukuliwa, tunasubiri majibu. Ameniuliza mara tatu kama naweza kwenda kuyachukua mimi, maana siku hiyo mzigo wa Ukerewe unaingia na hana wa kumwachia meza.