Bibi zetu na picha za Blackpool

Ndugu wa nyumbani huniuliza Wazungu wana moyo gani wa kumpeleka mzazi nyumba ya wazee. Mimi nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, humohumo, hapa Uingereza, na jibu langu huwaudhi: wapo wanaotupwa kweli, lakini huko wanakotupwa kuna mtu analipwa ili azungumze nao. Kwetu bibi anaishi nyumba imejaa watu, anapewa shikamoo, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake.

Hapa kuna ratiba. Mara mbili kwa wiki, kama dakika 45, kikundi kidogo cha wenye ugonjwa wa kusahau hukaa pamoja: leo chakula, siku nyingine utoto, au pesa za zamani. Ni mpango wa vikao 14 ndani ya wiki 7. Utafiti wake uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba unasaidia akili na hali ya maisha. Ninachokipenda ni kwamba mzee haulizwi "unakumbuka?" Anaulizwa "wewe unaonaje?", na hapo hakuna kukosea.

Ila ratiba yenyewe imekatwa kwa vipimo vya wenyeji. Tuna bibi mmoja wa Unguja, Kiingereza kimeshamtoka, kimebaki Kiswahili tu. Anaonyeshwa picha za ufukwe wa Blackpool, mji wa pwani wa hukuhuku Uingereza, anasinzia, na kwenye fomu wanaandika kwamba hakushiriki. Siku moja nikamwekea sinia la mchele niliouchanganya na choroko. Hakuuliza kitu. Akawa anauvuta kwa kidole, punje chache chache, choroko anazitenga pembeni, mara akanigeukia: "We mtoto, mchele mchafu hivi umeununua wapi?" Akanisema mpaka chai ikaja.

Nyumbani vitu hivi vyote tunavyo: sinia, bao, ukili, vitendawili. Lakini mzee akianza kupotea njia tunasema uzee huo, au karogwa, halafu tunamnyang'anya ungo: "Pumzika, bibi." Wakati wilayani Hai, Kilimanjaro, mpango huohuo wa vikao ulishajaribiwa kwa wazee wa vijijini, ukarekebishwa hata kwa wasiojua kusoma, na ukawafaa.

Mama yangu simtakii nyumba ya wazee. Nimemwagiza mdogo wangu aliye naye Tanga: Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri, simu pembeni, amuulize mama ni nani mtaani alikuwa akiharibu pilau za watu. Amekubali, ila kwanza anataka nimtumie hela ya bando.