Tangi la Choo Ndilo Linalopanga Safari

Jamani, muuzaji wa gari-nyumba kule Marekani atakuonyesha kitanda, jiko, friji na bafu, tena kwa tabasamu. Chini ya sakafu hakupeleki. Huko kuna matangi mawili ya uchafu: la kijivu, la sinki na bafu, na jeusi, la choo. Hilo jeusi huchukua galoni 30 hadi 40 hivi, yaani lita 115 mpaka 150, na likikaribia kujaa wewe si dereva tena. Unataka kuona Grand Canyon, lile korongo maarufu? Tangi linataka shimo la kumwagia.

Shimo lenyewe sasa! Kambi za kulala na magari haya zinalo, ila kama hukulala hapo, toa pesa. Vituo vikubwa vya malori navyo hutoza, dola 10 mpaka 20 hivi. Yaani chakula umelipia kuingia, na kutoka ukilipie tena! Majimbo kama Washington na Iowa yameweka mashimo kwenye baadhi ya vituo vya mapumziko vya barabara kuu, Mungu awabariki, lakini baridi ikikaza hufungwa maji yasigande mabombani. Kwa hiyo uliza kabla hujaondoka.

Ukiamini taa ya kupimia, shauri yako. Karatasi hunasa kwenye vipimio ndani ya tangi, taa ikabaki inasema "limejaa" hata ukishamwaga. Mwaga maji mengi kila unapotumia choo, na ununue karatasi inayoyeyuka upesi. Halafu kuna wale wajanja wanaoegesha kambini wakaunganisha mpira wa kutolea uchafu na kuacha koki ya tangi jeusi wazi wiki nzima, eti wasisumbuke. Maji yanatiririka yote, mzigo unabaki, unakauka, unasimama kama kichuguu chini ya choo. Kichuguu hicho hakisikii dawa. Koki ifungwe mpaka tangi lifike theluthi mbili, ndipo uzito wa maji usukume kila kitu kwa mkupuo.

Jumapili kabla ya saa sita mchana usisogee shimoni; kambi zinafukuza wageni wa wikendi na foleni yote ni ya matangi yaliyojaa. Na lazima mbele yako awepo bwana aliyeegesha kinyume. Tundu la kumwagia huwa upande wa kushoto wa gari, yeye shimo kaliweka kulia, sasa anavuta mpira wa inchi 3 kuzunguka nyuma ya gari na haufiki.

Vaa glavu. Weka ndoo chini ya tundu kabla hujafungua kifuniko, maana koki ikivuja kidogo tu, kilichovuja kinakusubiri hapo mlangoni. Kagua kipete cha mpira, kaza kiungo, ncha ya pili ibane shimoni au uiwekee jiwe. Bila hivyo mpira unaruka na kuwaogesha wote. Jeusi kwanza, kijivu baadaye, ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Ukimaliza, rudisha lita 10 hivi za maji kwenye tangi jeusi, lisianze safari kavu.

Mabomba hapo mara nyingi ni mawili, la kusuuzia na la maji ya kunywa, na kibao kipo, maandishi makubwa. Yule bwana wa kinyume kamaliza. Kashika mpira wake. Anaelekea bomba la kunywa.